Alama ya Mwenye Ndiva

Mwanangu Namkunda,

Sisi tuliofundishwa kuandika barua enzi za stempu tulianza hivi: mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako. Leo nalazimika kuigeuza. Mzima ni wewe. Umepata kazi ya ualimu huko Lindi, umekaa dirishani kwenye basi na begi jipya miguuni. Hofu na mashaka ni huku.

Nimemwambia mama yako akupe bahasha hii basi likishaanza kutembea, na akuambie usiifungue mpaka upite kituo cha Bendera. Najua hutasubiri. Tangu utoto wako ulikuwa unafunua chungu cha makande kabla hayajaiva. Lakini kama umejitahidi na kweli umefika Bendera, geuka utazame nyuma. Ukiona milima na wingu jeusi limeikalia, mimi niko chini ya wingu hilo, juu ya ukuta wa ndiva, lile bwawa la babu yako, na jembe mkononi. Ukuta ule unataka kuondoka, na nyumba iliyo chini yake ni ya baba yako mkubwa Mbonea. Ndiyo sababu hukuniona kituoni asubuhi. Usishuke kwenye basi. Soma kwanza.

Ninapoandika ni jioni, na wewe umeshuka kwa baba yako mkubwa kuaga. Mama yako anakukaangia ndizi za njiani. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na vijana wenye pikipiki amekwisha kukupa zote, nimemsikia kutoka humu ndani, na sina la kuongeza. Mimi nina deni la jibu. Jana ulipokuwa unapanga vitabu uliniuliza, "Baba, ile alama ya juu ya Kiingereza ulikuwa unaifundishaje mpaka mtoto anaelewa?" Nikakujibu nina kazi. Ulinitazama, maana nilikuwa nimekaa barazani mikono mitupu. Kweli sikuwa na kazi. Nilikuwa nasikiliza maji.

Basi acha nikujibu leo. Somo hilo la ritifaa nililifundisha miaka mingi kuliko umri wako, na miaka ya mwanzo nililifundisha vibaya.

Anza na ng'ombe. Usicheke. Watoto wetu hukutana na ritifaa mara ya kwanza kwenye ng'ombe, ng'oa, ng'ambo, na pale haina habari ya mwenye mali wala ya herufi iliyokatwa. Inakuambia tu upitishe sauti puani. Halafu Kiingereza kinakuja na alama ileile, na kazi nyingine kabisa, na hakuna anayewaambia. Nilikuwa na mwanafunzi anaitwa Nieshi, binti wa muuza tangawizi. Siku moja kwenye imla akaandika sing', king', morning', kila penye ng akapachika alama. Nikamchapa mbele ya darasa na kumwita kichwa maji. Alilia bila sauti. Miaka ikapita, siku moja nikiwa naoga nikajikuta natamka neno lile taratibu, sing, sing, nikasikia kwamba ni ng' ileile ya ng'ombe. Sikio la Nieshi lilikuwa sahihi. Alikuwa anasikia Kiingereza kwa kutumia Kiswahili tulichomfundisha sisi wenyewe. Nikauliza aliko, nikaambiwa ameolewa Makanya, mumewe anachimba jasi. Makanya si mbali, na sijawahi kwenda. Kwa hiyo mtoto akikosea, kabla hujashika kalamu nyekundu, muulize alisikia nini. Mimi nimechelewa kuwauliza watu wengi, na Nieshi ni mmoja tu.

Sasa mwenye mali. Kwetu kitu ndicho hutangulia: shamba la Namkunda. Shamba mbele, wewe nyuma, na ile "la" inalifuata shamba, wala haikujali wewe. Kwa Waingereza mwenyewe ndiye hutangulia: Namkunda's farm. Ndiyo maana watoto watakuandikia Namkunda farm's, wakiwa bado wanafikiri kwa Kiswahili. Waambie hivi: uliza ni ya nani. Ukipata jibu, andika jina la mwenyewe mpaka limalizike, kisha ndipo uweke alama. Mwenyewe ni girl? Andika girl, weka alama, halafu s: the girl's book. Wenyewe ni girls, wengi? Andika girls pamoja na s yake, kisha alama, basi: the girls' dormitory. Wenyewe ni children? Neno limekwisha na halina s, kwa hiyo alama kisha s: the children's food. Taabu yao ni kwamba wanakimbilia kuchomeka alama kabla hawajajua mwenyewe ni mmoja au ni wengi.

Huko ndiko na sisi tulikopotelea. Habari ya ndiva hujawahi kuisikia kutoka kwangu. Umeisikia kwa mama yako na kwa watu wa kanisani, kila mmoja na chumvi yake.

Ndiva ile ilichimbwa na baba wa babu yako na wenzake. Ni bwawa dogo la udongo na mawe pale juu mteremko unapopumzika. Linakinga maji ya kijito usiku kucha, asubuhi unazibua kizibo, maji yanashuka kwa mfereji hadi kwenye tangawizi na mahindi ya watu, kila mtu kwa zamu yake. Kuitunza ilikuwa kazi ya msaragambo. Kabla ya masika babu yako alipiga mbiu, na kila nyumba ikatoa mtu na jembe: tope linazolewa, ukuta unashindiliwa, mashimo ya fuko yanazibwa. Asiyekuja anatozwa. Siku ya msaragambo wa mwisho wa babu yako ulikuwa mdogo, ulishinda mgongoni kwa baba yako mkubwa ukitafuna muwa na kumdondoshea makapi shingoni, naye akikataa ushushwe. Hakuna aliyeuliza siku hizo ndiva ni ya nani.

Babu alipofariki, haki ya kupiga mbiu ilikwenda kwa Mbonea, kaka yangu mkubwa. Mwaka uliofuata alikuwa mjini Same anauguza mguu, mvua zimekaribia, nikaona watakaokufa njaa ni watu wote, nikapiga mbiu mimi. Ni hilo tu, Namkunda. Watu walikuja, tukafanya kazi, tukala makande, tukarudi nyumbani.

Aliporudi aliniuliza mbele ya watu, "Nani alipiga mbiu?"

Jibu lilikuwa fupi. Ni mimi, kaka, unisamehe. Jioni ningempelekea kibuyu cha dengelua, pombe yetu ya miwa, maana hata Walutheri wa viti vya mbele kama sisi tunajua dengelua inapatikana wapi, na yangeisha. Lakini mimi nilikuwa mwalimu na watu wananitazama. Nikamwambia ukuta wa ndiva umekaa kwenye shamba nililoachiwa mimi. Akasema, "Kumbe." Wiki ileile akafungua kesi.

Watu wa makabila mengine wanatutania kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Huwa nacheka nao, halafu nakumbuka zizi letu. Ulikua ukiona zizi linapungua, ukadhani ni ada yako ya shule. Baadhi ilikuwa ada.

Kesi imepanda, imeshuka, imepanda tena. Na tangu ianze hakuna msaragambo. Uelewe ujinga wenyewe ulivyo. Nikipiga mbiu mimi, nimejitangaza mwenye ndiva, na yeye hawezi kuja, maana akija amekubali. Akipiga yeye, mimi siwezi kwenda. Majirani wanaogopa kuitwa mashahidi, wamebaki na majembe yao nyumbani. Mwisho mahakama ikatuamuru sote tusiiguse mpaka uamuzi utoke, na kizibo kikafungwa kwa waya. Kuanzia hapo maji yanaingia usiku na mchana, yanamwagika kwa juu pembeni, yanakula bega la ukuta. Kila mmoja wetu anapita pale kwa wakati wake, anatazama, anarudi kumweleza wakili wake.

Turudi kwenye alama kidogo, maana nikiliangalia hili kwa muda mrefu mwandiko unaharibika.

Kazi yake ya pili ni kuonyesha mahali ilipodondoka herufi. Do not ikisemwa haraka, o inaanguka; pale ilipoanguka ndipo unapoweka alama: don't. Watoto wataandika do'nt, kwa kuwa wanadhani alama ni ukuta kati ya maneno mawili. Wafundishe kuitafuta herufi iliyopotea na kuweka alama mahali pake hasa. I am inakuwa I'm, a imekwenda. They are inakuwa they're. Won't inatoka kwa will not, na imekatwa vibaya hata sura hazifanani. Hiyo waikariri tu, usijitie kuieleza, mimi nilijaribu mbele ya mkaguzi nikaaibika.

Kiswahili nacho kinakata, ila hakiachi alama. Mwana wangu inakuwa mwanangu, mume wake inakuwa mumewe, na tumezoea hatuoni tena palipokatwa. Nyumbani kwetu tulimkata mtu vivyo hivyo. Sikumbuki siku niliyoacha kusema kaka. Nilianza kusema "yule", kisha "yule wa chini", na nyumba nzima ikafuata: mbuzi wa yule wa chini, moshi wa kwa yule wa chini. Wewe peke yako ulikataa. Mama yako alikuwa anakutuma kwa mlango wa nyuma upeleke maziwa, na ukirudi unasema kwa sauti ili nisikie, "Baba mkubwa anakusalimu." Hakuwa ananisalimu. Nilijua. Nilikuchukia kidogo kwa jambo hilo, na nilikupenda kwa jambo hilohilo, na sijui nilikuwa najisikiaje ulipoacha.

Kuna mahali pengine ritifaa haiwekwi, na hapo watu wazima wenye digrii hujikwaa. It's ni it is, kuna herufi imedondoka. Its, bila alama, ni ya kitu hicho: the dog and its tail, mbwa na mkia wake. Mtoto atakuuliza, mwalimu, si ulisema mwenye mali huwekewa alama? Mwambie his haina, hers haina, yours, ours, theirs hazina. Maneno hayo yamezaliwa mwenyewe akiwa ndani. Halafu kuna somo la wenyewe wawili. Kitu kimoja kikiwa cha watu wawili kwa pamoja, alama hukaa kwa wa mwisho tu: Mbonea and Elia's ndiva. Kila mtu akiwa na chake, kila mmoja anabeba alama yake: Mbonea's and Elia's houses. Somo hilo sikulifundisha tena kesi ilipoanza, hadi nikastaafu. Nilikuwa nafika ukurasa ule, nafunga kitabu, nawatoa nje wakamwagilie bustani ya shule. Wewe usiliruke, hata kama siku hiyo limekugusa.

Sasa nikuambie nilichokuwa nasikiliza jana.

Tangu masika yaanze kuna maji yanatoka chini ya ukuta, upande wa bondeni. Mwanzoni yalikuwa maangavu, na babu yako alikuwa akisema ukuta wa udongo usipotoa jasho si mzima. Juzi nilipanda nikayakuta yana tope. Maji ya namna hiyo hayapenyi udongo tena, yanaubeba. Kwa juu kuna ufa. Wiki iliyopita kiliingia kidole tu. Leo mchana nimetia mkono hadi kiwiko, na huko ndani kulikuwa na baridi, na kitu kinatikisika polepole. Vyura wamenyamaza. Unakumbuka walivyokuwa wanatunyima usingizi msimu kama huu. Sasa wamehamia mferejini, na juu kule ni kimya kiasi kwamba unasikia udongo ukidondoka majini, bonge moja, kisha unasubiri jingine. Na mlima Shengena haujaonekana siku hizi zote, mawingu yameulalia.

Ukuta ukiondoka maji hayatakuja kwetu. Nyumba yetu iko pembeni, kwenye tuta. Yatafuata korongo moja kwa moja hadi kwenye ua wa baba yako mkubwa, kwenye chumba anacholala mama yako mkubwa na wale wajukuu. Nimelijua hili tangu mwaka jana, na nataka ujue nililijuaje. Nilikuwa nimesimama juu ya ukuta, nikalifuata korongo kwa macho, nikaona bati la nyumba yake, na moyo wangu ukatulia. Nikajisemea, basi siku hiyo atajua ndiva ni ya nani. Nikashuka nikala, nikalala vizuri. Sikuwa na hasira siku hiyo, wala sikuwa nimekunywa chochote. Namkunda, nimeogopa mambo mengi maishani, lakini hakuna kilichonitisha kama usingizi ule niliolala.

Leo asubuhi, ulipokuwa sokoni, nilishuka kwake. Sikuwa nimevuka ua ule tangu kesi ianze. Nikamwamkia. Alikuwa anapukuchua mahindi, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikamweleza habari ya tope na ya ufa, nikamwomba tupande tufungue kizibo pamoja, na kama hataki, basi awahamishie watoto kanisani hata kwa siku chache. Alinisikiliza mpaka mwisho. Wajukuu walikuwa wanachezea magunzi miguuni pake.

"Mdogo wangu," akasema, "miaka yote hii umekosa shahidi wa kusema ndiva ulikuwa unaitunza wewe. Sasa unataka shahidi niwe mimi."

"Kaka, watoto wanalala pale."

"Uamuzi umekaribia. Ukigusa kile kizibo nitakupeleka Same polisi mimi mwenyewe. Na hapa sihami. Nikihama leo, kesho utasema nimekuachia."

Sikumkasirikia. Ningekuwa mimi nimekaa kwenye kile kigoda na yeye amesimama, ningemjibu hivyohivyo, neno kwa neno, na ningejiona nimejibu vizuri. Nikapitia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akasema kesi ya ndugu hatii mkono, nimwone baada ya Jumapili. Nikarudi nyumbani nikiwaza ni kitu gani duniani kinaweza kuwatoa watu wote kwenye nyumba ile kwa muda wa kutosha. Mvua haiwatoi, mimi siwatoi. Halafu ukapita uani unaimba, umebeba nguo zako za safari ulizozianua, nikapata jibu.

Watatoka kwa ajili yako. Yule mzee amekubeba mgongoni. Asubuhi atavaa koti lake la kanisani, atashuka milima hadi kituoni na mkewe na wajukuu wakusindikize, hata kama itambidi asimame upande mmoja na mama yako. Nimemweleza mama yako yote. Amelia kidogo, akanitukana kidogo, kisha akakubali. Basi likishaondoka atawapeleka wote chai kwa rafiki yake pale kituoni, awakawize, waombee safari yako. Mama yako kwenye sala ndefu hahitaji kufundishwa.

Na mimi wakati huo nitakuwa juu. Nitakata waya, nizibue kizibo. Kisipotoka, nitachimba upande wa pili, mbali na korongo, maji yatoke kidogokidogo yapitie kwenye shamba langu la tangawizi. Tangawizi itakwenda na maji, iende. Utauliza kwa nini nisifanye sasa hivi. Kwa sababu ukuta ulivyo, ukiugusa unaweza kuondoka wote kwa pamoja, na sasa hivi ninavyoandika wako chini yake wanakula, na wewe uko hapo katikati yao. Nimeshakupigia simu mara mbili urudi, unaniambia subiri baba, nakuja. Usiku huu sitalala. Mvua ikiongezeka huko juu nitakwenda kuwagongea mlango, wanifungulie mbwa wakitaka.

Najua sheria ilivyo. Nikikata waya ule nimevunja amri, na kesi nimeshindwa kwa mkono wangu mwenyewe, baada ya ng'ombe wote wale. Mbonea anaweza kweli kunipeleka Same, na mimi nitapanda gari la polisi bila ubishi. Jambo jingine linaloweza kunipata juu ya ukuta ule unalijua, wewe si mtoto. Nimemwambia mama yako nitasimama upande wenye mawe. Nitajaribu.

Nakuomba usirudi. Ukishuka hapo Bendera ukatafuta gari la kurudi, utafika mambo yameshaamuliwa, na huko Lindi kuna darasa halina mwalimu. Nilitafuta neno zito la baba la kukuachia na sikulipata. Utakosana na watu huko, maana wewe ni wangu na ulimi wako ni wangu. Siku hiyo, mtu akikuuliza swali, mjibu lile alilouliza. Mimi niliulizwa nani alipiga mbiu, na jibu nilikuwa nalo.

Naogopa, mwanangu. Sikutaka barua imalizike bila kukuambia hivyo kwa maneno yake. Na nina furaha kwamba unakwenda, na sipendi kwamba unakwenda.

Jioni ukishafika Dar kwa shangazi yako, piga simu yangu. Nikipokea mwenyewe, nitakutania tu na tutacheka. Akipokea askari, taja jina lako na uulize kwa upole niko wapi. Lakini inawezekana akapokea baba yako mkubwa, kwa sababu simu nitaiacha juu ya jiwe pembeni ya ndiva, njia ya kurudi kwake inavuka mto, na akiona maji ya mto yamebadilika rangi, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukimbilia juu. Ikiwa ni yeye, usilie kabla hajasema kitu, na usimuulize kosa ni la nani. Mwamkie kwanza. Kisha mwache aongee.

Baba yako,
Elia